Maabara watupe majibu pamoja na maelezo

Mhariri, salamu nyingi kutoka Mafinga.

Naomba nafasi kidogo niongelee hili la majibu ya vipimo vya damu. Siku hizi watu wa Nyanda za Juu tumeamka, mtu anaenda kucheki afya hata kama haumwi na ni jambo zuri sana, ila anatoka maabara na karatasi imejaa namba, pembeni kuna H (yaani juu ya kiwango) na L (chini ya kiwango), hakuna aliyemwambia kitu, basi anaipiga picha anaitupia kwenye grupu la ukoo la wasap kila mtu atoe ushauri wake.

Jirani yangu, mama anayeuza mitumba, alipima sukari Iringa mjini kabla ya kula akapata 95, baadae akapima kwingine akaandikiwa 5.3. Alilia! Akajua sukari imeshuka anakufa, akaanza kunywa soda kila asubuhi. Kumbe ni kitu kilekile, maabara moja inatumia miligramu kwa desilita na nyingine milimoli kwa lita, chukua 5.3 zidisha mara 18 unapata hiyohiyo 95. Na ni majibu mazuri kabisa, manake kisukari kwa mtu ambaye hajala kinaanzia 7.0 yaani 126, na hata ukifika hapo kama huna dalili lazima kipimo kirudiwe siku nyingine. Mtu mmoja wa kumwambia hayo kwa dakika mbili tu alikosekana. (Na tuambiane ukweli, ukishakunywa chai ya maziwa na maandazi usiseme hujala.)

La wingi wa damu (hemoglobini, inayoandikwa kwa gramu kwa desilita) ndo linaniuma zaidi sababu linatugusa sisi wa milimani. Shirika la Afya Duniani linasema mwanamke asiye mjamzito akiwa chini ya 12 na mwanaume chini ya 13 ana upungufu wa damu, lakini namba hizo ni za watu wa ukanda wa chini kama Dar. Huku juu oksijeni ni kidogo, mwili unatengeneza chembe nyekundu nyingi zaidi kufidia, kwa hiyo kiwango kinatakiwa kipandishwe, na miji ya Iringa, Mbeya, Njombe na hapa Mafinga yote ipo zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Sasa mama wa Makete ana 12.2, karatasi haina alama yoyote, anaambiwa upo vizuri nenda, wakati kwa huko anakoishi damu yake ni ndogo na uchovu anaolalamikia una sababu.

Kwa figo wengi tunapimwa kreatinini, yaani uchafu wa kwenye damu ambao figo hutakiwa kuutoa, nayo inachelewa, inaweza isipande mpaka figo zimepoteza karibu nusu ya uwezo, ndo maana mkojo nao upimwe kuangalia protini na hicho ni kipimo cha bei ndogo tu. Vijana wetu wanaobeba mbao wanameza diklofenaki, dawa ya maumivu inayoweza kuumiza figo, kila jioni mgongo utulie, hao pamoja na wenye presha na sukari wangeanza kupimwa jana.

Alafu hizo H na L zisitutie kiwewe. Viwango vingi vya kawaida vinapangwa ili watu 95 kati ya 100 wenye afya waingie ndani, ina maana watano wazima kabisa wanabaki nje, kwa hiyo ukipima vitu 20 kwa mpigo kimoja kikatoka nje kidogo sio msiba. Ila kreatinini ikitoka 70 ikaja 85 ikaja 100, hata kama zote hazina H, daktari makini atakuuliza maswali, na ataionaje kama karatasi za zamani ulifungia vitumbua? Tuzitunze jamani.

Na wale wanaozunguka sokoni na kimashine cha kushika mkononi, dakika moja unapewa ripoti ya ini, figo na mifupa kisha unauziwa virutubisho, hicho sio kipimo cha damu, hakuna hata tone lililotoka.

Ninachoomba kwa wenye maabara na waganga wakuu wa mikoa yetu: karatasi iandikwe kwa Kiswahili, kizio (kama ni miligramu au milimoli) kionekane vizuri, iandikwe kama mtu alikula, kiwango cha damu kiwe cha watu wa huku juu, na awepo mhudumu wa kukaa na mtu amueleze. Na wewe mhariri tupe hata nusu ukurasa kwa wiki, madaktari wa hukuhuku wajibu maswali ya wasomaji.

Msomaji wako,
Mafinga, Iringa