YAH: KONTROLA YENU KUTOFANYA KAZI KWENYE KOMPYUTA, NA MAJIBU NILIYOPEWA NA MHUDUMU WENU

Kwa Mkurugenzi,
Huduma kwa Wateja.

Ndugu Mkurugenzi,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Masharti ya dhamana yenu mnayajua, na risiti yangu iko kwenye mfumo wenu, kwa hiyo sitapoteza muda huko. Ninaloleta mbele yako ni lile ambalo mhudumu wako alikataa kulisikiliza: boksi la kontrola ya kuchezea gemu niliyonunua limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba inatumika kwenye kompyuta, na kwenye kompyuta haichezeki.

Nianze na waya uliomo ndani ya boksi. Ukiuchomeka, kontrola inachaji, basi. Kompyuta haitoi hata mlio. Waya wa USB wa kuunganishia kifaa huwa na nyuzi za umeme na nyuzi za data. Huu wenu ni wa kuchajia tu. Nilipochukua waya ninaohamishia picha kutoka kwenye simu na kuuchomeka kwenye kontrola hiyo hiyo, Windows iliitambua papo hapo. Nani aliyeamua kuweka waya wa aina hiyo kwenye boksi lililoandikwa neno kompyuta?

Hata baada ya kutambulika, tatizo halikuisha. Nilifungua dirisha la Windows la kujaribia kontrola, nikabonyeza kitufe kimoja kimoja, na kila duara likawaka jekundu. Nikafungua gemu: kimya. Wataalamu wenu wanajua sababu. Kontrola hii inajitambulisha kwa DirectInput, mfumo wa zamani wa Windows wa kupokea amri za kontrola, wakati gemu nyingi za kompyuta zinasubiri XInput, mfumo mpya zaidi wa kazi hiyo hiyo, ambao umekuwepo tangu kontrola ya Xbox 360 ilipotoka mwaka 2005. Gemu chache zinazoipokea zinavuruga vitufe. Kamera inatazama juu na kubaki huko huko, hata nisipogusa kijiti.

Yote haya nilimweleza mhudumu wenu kwenye mazungumzo ya mtandaoni, kwa adabu. Akajibu: "Tatizo ni kompyuta yako." Nikamwambia kontrola yangu ya zamani, ya kampuni nyingine, inacheza vizuri kwenye kompyuta hiyo hiyo, tundu hilo hilo. Akaniomba video. Nikarekodi, nikaanza kuituma. Video ikiwa haijamaliza kupanda, akaandika, "Nunua kompyuta nyingine," kisha akafunga mazungumzo.

Kabla ya huyo, aliyepokea simu aliniambia nizime Bluetooth na kuiwasha tena. Nilizima, nikawasha. Taa za kontrola zikamweka, kompyuta ikaandika kwamba imeunganishwa, na gemu haikuona kitu, kama ilivyokuwa kwa waya. Hilo nalo nilimweleza mhudumu, na hilo nalo hakulijibu.

Narudia, Mkurugenzi, ili lisipite hivi hivi. Mtu anayelipwa na kampuni yako aliniomba ushahidi. Nikashika simu mkono mmoja na kontrola mkono wa pili, nikaonyesha taa nyekundu zikiwaka, nikaonyesha gemu ikiwa imekufa, nikachomeka kontrola ya zamani na gemu ile ile ikaamka. Mstari wa kupandisha video ulikuwa haujafika hata nusu. Hakuiona sekunde moja ya video aliyoiomba mwenyewe! Akaniambia ninunue kompyuta nyingine, akanifungia mlango usoni.

Nilipoanza kuwaandikia nilitaka waya wenye data na maelezo ya namna ya kuihamishia kontrola kwenye XInput. Kontrola nyingi za aina hii hubadilishwa kwa kushikilia vitufe fulani wakati wa kuiwasha. Kijitabu chenu hakina hata mstari mmoja juu ya hilo. Kwa majibu niliyopewa, waya hautoshi tena. Nataka pesa yangu yote, na gharama ya kurudisha mzigo iwe juu yenu. Nataka pia barua ya kuniomba radhi iliyosainiwa na wewe mwenyewe, si ujumbe wa kunakili unaotumwa kwa kila mtu. Na neno kompyuta liondolewe kwenye boksi lile mpaka mtakapoweka ndani yake kitu kinachofanya kazi kwenye kompyuta, maana kuna mzazi huko anamnunulia mtoto kontrola hii sasa hivi kwa kuamini maandishi yenu.

Nawapa siku 7 tangu mtakapopokea barua hii. Zikipita bila jibu, nitaiomba benki yangu irudishe malipo, na malalamiko haya yatafika kwenye mamlaka ya kumlinda mlaji yakiwa na picha za mazungumzo yote, neno kwa neno, pamoja na ile video. Na huko sitadai pesa ya kontrola peke yake. Nitadai na fidia ya usumbufu.

Nasubiri jibu lako, si la mhudumu yule.

Mteja wenu.