Masizi meusi kwenye michungwa: usikimbilie dawa ya ukungu

Kila msimu huletewa hapa kitaluni tawi la mchungwa lililojaa masizi, utadhani lilining'inizwa juu ya jiko la kuni. Mwenyewe anataka dawa ya ukungu. Tunayo, na tungeweza kukuuzia tu. Lakini kabla hujatoa pesa, papasa jani. Linanata? Basi hiyo ni sukari ya mti wako inamwagika.

Jani hutengeneza sukari mchana, kwa jua. Nyingine husafirishwa papo hapo, nyingine huhifadhiwa ndani ya jani kama wanga. Usiku wanga huo huvunjwa na kugeuzwa sukari ya safari, ili mizizi na machungwa visilale njaa. Inayosafiri ni ileile tunayotia kwenye chai. Hupita katika mirija myembamba ya mishipa ya jani mpaka chini ya gome, na kwa kuwa sukari huvuta maji, mirija hiyo huwa na shinikizo linaloweza kuzidi la tairi la gari mara kadhaa.

Hapo ndipo wadudu mafuta hupata ulaji. Mdudu huchomeka mdomo kwenye mrija, na utomvu hujisukuma wenyewe hadi tumboni. Ila utomvu una sukari tele na protini kiduchu, kwa hiyo hulazimika kunywa kupita kiasi na kuitoa sukari ya ziada kwa nyuma, tone baada ya tone. Sisimizi huyafuata matone hayo na kuwalinda wadudu kama mchungaji na mbuzi wake. Ukungu mweusi nao, yale masizi, huota juu ya matone hayo. Hauingii ndani ya jani. Kosa lake ni kuliziba jua.

Wadudu hujazana kwenye machipukizi, kwa kuwa jani changa bado halijitegemei, huletewa chakula na majani makubwa. Aliyemwaga yurea nyingi ana machipukizi laini mengi, na wageni wengi pia.

Nyunyizia maji yenye sabuni kidogo, hasa chini ya majani, asubuhi mapema au jioni, urudie baada ya siku chache. Kata matawi yanayogusa ardhi, ndiyo ngazi ya sisimizi. Vile vidudu vyekundu vyenye madoa meusi viache, vinakula wadudu mafuta. Masizi yatabanduka taratibu kwa mvua.

Ukikuta magamba yaliyoganda badala ya wadudu laini, sabuni huenda isitoshe. Leta tawi, limefungwa kwenye mfuko, tulitazame pamoja.