Nywele zenu si zenu: barua kwa wanangu mnaoanza tamthilia

Wanangu,

Juzi kwenye tamthilia moja, ambayo siitaji kwa sababu mama zenu wanaipenda, dada alibisha hodi akiwa amesuka twende kilioni. Akafunguliwa mlango, akaingia sebuleni na rasta zinazogusa kiuno. Mtazamaji wa Mbagala hajasomea kamera, lakini nywele anazijua. Msiba uliofuata haukumliza mtu; watu walikuwa bado wanaulizana kasuka saa ngapi.

Utetezi wenu naujua: "Mwongozaji hakuniambia." Haya, leo mmeambiwa.

Tamthilia hairekodiwi kwa mpangilio unaouona kwenye televisheni. Nyumba ya kurekodia inalipiwa kwa siku, kwa hiyo sini (vipande vya hadithi) zote za sebuleni, iwe za sehemu ya 3, ya 9 au ya 14, zinapigwa kwa pamoja, na za nje zinasubiri zamu yake. Unabisha hodi leo, unaingia ndani baada ya wiki mbili. Hapo katikati kuna harusi ya shoga yako, na msusi yuko tayari. Usiende. Mpaka kurekodi kuishe, kichwa, kucha, ndevu na hata kitambi ni mali ya mhusika. Ukitaka kubadili chochote, omba kwanza, tena kwa ujumbe ulioandikwa, usubiri jibu. Na wavulana msicheke: ndevu zenu nazo zinaota na kunyolewa ndani ya mazungumzo ya dakika mbili.

Nunueni daftari. Kila sini ipate ukurasa wake: namba ya sini, ni siku ya ngapi ndani ya hadithi, umetoka wapi, umevaa nini, pete iko kidole gani, mkoba uko bega lipi, una jasho au huna. Chini yake andika mhusika wako anajua nini kufikia hapo, na nini hajakijua. Hili la mwisho ndilo linalowaumbua zaidi. Mtu anamnunia mumewe sehemu ya 5 kwa usaliti atakaoufumania sehemu ya 8! Kabla hujavua nguo za sini, upigwe picha tatu: mbele, ubavuni, na mikono peke yake. Zikae kwenye simu yako, zisiende Instagram.

Sasa mikono. Kwa kawaida inaanza picha pana, inayowaonyesha wote, kisha kamera inakuja kwako, kisha inahamia kwa mwenzako. Pembe tano, kila moja ikirudiwa mara tatu, ni mara 15 unasema maneno yaleyale. Kama kwenye picha pana uliinua kikombe uliposema "nimechoka", utakiinua kwenye "nimechoka" mara zote 15, kwa mkono uleule, na chai ikiwa kimo kilekile. Usipofanya hivyo, mhariri hapati pa kuunganisha. Atatupa ile mara uliyolia machozi ya kweli, abakize ile uliyoigiza kivivu kwa kuwa tu mkono umekaa sawa. Ndiyo maana nasema punguzeni mbwembwe kwenye picha pana. Kila unachogusa hapo ni deni. Sini ya kula, chukua tonge dogo, utafune mwenzako anapoongea. Aliyeanza na tonge kubwa atamaliza sufuria la ugali kabla ya adhuhuri, na bado ataambiwa "tena".

Lakini lawama zote siwabebeshi ninyi. Kuna kampuni ambako kijana mmoja huyohuyo anashika klapa, kile kibao cha namba ya sini, anaandika kontiniuti, yaani kumbukumbu za nywele, nguo na mikono zisipishane, anatafuta vifaa na kutumwa chapati. Halafu tukikosea tunaambiwa wasanii wetu hawako makini. Mtunza kontiniuti ni kazi ya mtu mzima mmoja, anayelipwa, asiyetumwa chapati.

Mengine nayapitia haraka, mmeshayasikia. Vua bangili kabla fundi sauti hajakuvisha maiki. Nguo ngumu inayokwaruzana na maiki iseme mapema. Usimeze irabu za mwisho. Kariri pia maneno ya mwisho ya mwenzako, ndiyo yanayokuita. Kwenye picha ya karibu, mtazame mwenzako kwenye jicho moja, lile lililo karibu na kamera, macho yasichezecheze.

Mkataba: soma nyumbani, si kwenye bodaboda. Tafuta idadi ya sehemu, malipo ni kwa siku au kwa sehemu, yanalipwa lini, usafiri wa usiku ni wa nani, kazi ikisimama katikati unapata nini, na kama wanaweza kutumia sura yako kwenye tangazo au kuiweka YouTube bila kukulipa tena. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inatambua haki ya mwigizaji. Usisaini kuitupa haki hiyo kwa sababu ya njaa ya wiki moja. Na ubaki na nakala.

Binti zangu, na ninyi vijana pia. Usaili haufanyiki gesti saa tatu usiku. Anayetaka mwili wako ndipo akupe nafasi anatenda kosa la jinai. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 imelitaja wazi kwenye kifungu cha 25. Tunza ujumbe wake, usiufute kwa aibu, aibu si yako. TAKUKURU, wale wa kupambana na rushwa, wanapokea simu bure kwa 113. Na sisi wakubwa tunaojua majina ya hao watu tukanyamaza, tuna la kujibu.

Kuhusu pesa nina moja tu. Malipo ya kwanza yasiende kwenye gari wala simu ya kujionyesha. Weka kwanza kodi ya miezi sita, kwa kuwa mwenye nyumba wa Dar anaitaka yote kwa mkupuo, na msimu wa pili unaweza usiwepo, au ukawepo na mhusika wako ameshauawa sehemu ya kwanza.