Kwa shoga yangu wa kliniki ya wajawazito

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Tanga. Huku hatujambo, ila mvua imeshika kwelikweli. Nimefurahi mno kusikia umekabidhiwa kliniki ya wajawazito. Ulisema nikuandikie kama nina neno la kukushauri. Ninalo, tena limenikaa moyoni: ni kuhusu akina mama viziwi.

Unajua wagonjwa wanavyoitwa. Mhudumu anatoa kichwa mlangoni, anataja jina, asipojibiwa anaweka faili chini ya rundo. Juzi mama mmoja kiziwi alikaa benchi la mbele tangu asubuhi. Kila mlango ulipofunguka aliinua kadi yake juu. Waliokuja nyuma yake wakaingia, wakatoka, wakaenda zao. Yeye bado anatafuta kusoma midomo ya watu waliovaa barakoa. Daftarini ameshaandikwa "hakuwepo". Lile neno liliniumiza sana, maana ndilo linaloingia kwenye ripoti zetu, kisha tunasema akina mama hawa hawahudhurii kliniki.

Alipoingia ndipo nikaona zito zaidi. Mkalimani wake alikuwa shemeji yake. Sasa muulize mwanamke mbele ya shemeji kama aliwahi kutoka mimba, au kama mumewe anampiga. Mpe majibu ya VVU kupitia mikono ya shemeji. Atakujibu nini? Tunavuta pazia ili kulinda siri ya mgonjwa, lakini ya huyu inakwenda moja kwa moja ukweni. Ikija habari ya upasuaji, anaonyeshwa tu pa kutia sahihi. Na usidhani karatasi na kalamu vinatosha. Wengi hawakupata shule ya kutosha, na lugha ya alama ina sarufi yake, si Kiswahili cha mikono.

Ukienda kwa mganga mfawidhi, usiende kuomba hisani. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 25 inataka wapewe huduma ya kiwango kilekile wanachopewa wengine, kwa ridhaa ya mgonjwa aliyeelewa. Mwaka 2010 tukatunga sheria yetu wenyewe. Mwaka huohuo wenzetu Wakenya waliitaja lugha yao ya alama ndani ya Katiba. Haki imeshaandikwa, haijafika tu pale benchini.

Anza na yasiyongoja bajeti. Weka alama kwenye faili, ili anayeita ajue kwamba huyu anafuatwa alipokaa. Akiwa mbele yako, sema naye yeye, usiseme na aliyemsindikiza. Mkalimani ulizia CHAVITA, yaani Chama cha Viziwi, na kwa mambo ya uzazi omba mwanamke. Muulize mama mwenyewe kama anamtaka huyo, kwa sababu viziwi wa mji mmoja hujuana, na aibu ni ileile.

Leba ndiko ninakokuomba uwe mkali zaidi. Usiku msimzimie taa, maana gizani hana njia ya kusema wala ya kuambiwa. Kabla ya kumpima njia, simama akuone, mweleze, akubali, ndipo umguse. Kubalianeni mapema ishara ya kusukuma na ya kuacha, kabla uchungu haujakolea. Na dripu, shoga yangu, usimwekee kwenye mkono anaoutegemea kuzungumza. Nimeona mama amefungwa plasta mkono wa kulia mpaka vidoleni, anahangaika kueleza kwa wa kushoto kwamba anasikia kizunguzungu, na watu wanamwambia atulie.

Zungumza na mfawidhi wiki hii kama utaweza, kisha uniandikie amesemaje kuhusu kumlipa mkalimani, kwa sababu na mimi nataka kulipeleka kwa wa kwetu. Wasalimie nyumbani, na mama umshikie miguu.

Wako akupendaye