Barua ya Wazi kwa Mwenyekiti wa Bodi ya Fedha za Utafiti: Uamuzi Utangulie Matokeo

Mheshimiwa Mwenyekiti,

YAH: VIGEZO VYA KUFADHILI UTAFITI WA SAIKOLOJIA

Bodi yako inajiandaa kupitia upya vigezo vya kugawa fedha za utafiti. Nafundisha mbinu za utafiti katika saikolojia na husoma miswada inayoletwa kwenye majarida ya fani hii, na kwa nafasi hiyo naomba kueleza kwa nini vigezo vinavyotumika sasa vinadhoofisha elimu ileile ambayo fedha hizo zimekusudiwa kuijenga. Ombi langu kubwa ni moja: uamuzi wa kufadhili utafiti, kuuchapisha na kumpandisha cheo aliyeufanya utokane na uzito wa swali lake na uimara wa mbinu zake, na ufikiwe kabla mtu yeyote hajajua matokeo yamekuwaje.

Mwaka 2011 Daryl Bem wa Chuo Kikuu cha Cornell alichapisha, katika mojawapo ya majarida yanayoheshimiwa sana katika saikolojia ya jamii, majaribio 9 yenye washiriki zaidi ya 1,000, akidai kwamba binadamu wanaweza kuhisi jambo ambalo bado halijatokea. Lililowatia wengi wasiwasi ni kwamba alifuata taratibu zilezile ambazo wenzake walikuwa wakizifuata kila siku, na wahariri wakaziona zinatosha. Watafiti watatu wa Uingereza walirudia mojawapo ya majaribio hayo, wasione dalili yoyote ya uwezo huo, wakaupeleka mswada wao kwenye jarida lilelile. Walijibiwa kwamba jarida halichapishi majaribio ya kurudia. Dai lilikuwa limepewa kurasa za mbele kabisa za taaluma, na ushahidi wa kulipinga ukarudishwa bila hata kupelekwa kwa wataalamu wanaokagua miswada. Kwa maoni yangu, jibu hilo lilieleza ugonjwa wa fani yetu kuliko makala yenyewe ya Bem.

Mwaka huohuo Joseph Simmons, Leif Nelson na Uri Simonsohn walionesha jinsi mtu mwaminifu anavyoweza kufika kwenye matokeo ya uongo. Kwa desturi, matokeo hukubaliwa iwapo bahati nasibu peke yake ingeyaleta mara zisizozidi 5 katika kila 100. Lakini mtafiti hufanya maamuzi mengi kati ya kukusanya data na kuandika makala. Anaweza kupima mambo mawili akaripoti lile lililotoa jibu zuri. Anaweza kuzichungulia data baada ya washiriki 20 kwa kila kundi na, akiona kizingiti hicho cha 5 katika 100 hakijafikiwa, akaongeza wengine 10. Anaweza kuingiza jinsia ya washiriki katika hesabu au kuiacha. Anaweza kuripoti makundi yote matatu ya jaribio au kuliondoa moja. Kila uamuzi kati ya hayo una utetezi wake ukiutazama peke yake. Yakitumika yote manne kwa pamoja, uwezekano wa kutangaza kitu kisichokuwepo hupanda kutoka 5 hadi zaidi ya 60 katika kila 100. Ili jambo hilo lisibaki kwenye hesabu tupu, walichukua washiriki halisi na, kwa kutumia uhuru huohuo, wakapata kwamba watu waliosikiliza wimbo mmoja walikuwa na umri mdogo kwa karibu mwaka mmoja na nusu kuliko waliosikiliza mwingine, kana kwamba wimbo unaweza kuisogeza tarehe ya kuzaliwa.

Nimelieleza hilo kwa kirefu kwa sababu, kila panapozuka kashfa, mjadala hukimbilia udanganyifu wa makusudi. Udanganyifu upo. Diederik Stapel wa Chuo Kikuu cha Tilburg alikuwa akijitungia data, na makala zake zaidi ya 50 zimebatilishwa. Waliomfichua mwaka 2011 ni watafiti vijana watatu waliokuwa chini yake, ambao walikuwa na mengi ya kupoteza, na sijaona kigezo chochote cha ufadhili kinachomlinda kijana wa namna hiyo. Hata hivyo, mtu anayetunga data ni mmoja tu kati ya watafiti wengi. Kinachoijaza fasihi yetu madai yasiyosimama ni watu wa kawaida, wenye nia njema, wanaojua kwamba jaribio lenye jibu la "ndiyo" litachapishwa na lenye jibu la "hapana" litabaki kwenye mtoto wa meza.

Ukubwa wa tatizo ulionekana mwaka 2015, pale Brian Nosek na wenzake zaidi ya 200 walipochapisha matokeo ya kurudia tafiti 100 kutoka majarida matatu. Katika tafiti za awali, asilimia 97 zilikuwa zimevuka kizingiti. Ziliporudiwa, ni asilimia 36 tu zilizokivuka, na ukubwa wa athari ulishuka kwa wastani hadi karibu nusu. Daniel Gilbert na wenzake walilipinga hitimisho hilo mwaka uliofuata, wakisema kwamba baadhi ya marudio yalitofautiana mno na majaribio ya awali na kwamba takwimu zilisomwa kwa ukali kupita kiasi. Hoja yao ina sehemu ya kweli, na ningependa Bodi ijihadhari na wanaosema kwamba saikolojia yote ni batili: katika mradi huohuo, tafiti za utambuzi, yaani za jinsi watu wanavyofikiri na kukumbuka, zilisimama vizuri zaidi kuliko zile za saikolojia ya jamii. Lakini kuna mifano ambayo hoja ya kutofautiana haiiokoi. Dhana kwamba nguvu ya kujizuia hupungua kadiri inavyotumika, iliyochapishwa mwaka 1998 na kuzaa mamia ya makala, ilipimwa upya mwaka 2016 katika maabara 23 zenye washiriki zaidi ya 2,000, zikifuata mpango mmoja uliokubaliwa mapema. Athari iliyopatikana ilikuwa karibu na sifuri. Nawafikiria wanafunzi wa uzamivu waliojenga tasnifu zao juu ya dhana hiyo, wakashindwa kuiona katika data zao, wakaamini kwamba kasoro ni yao.

Naomba sasa nikuelekeze kwenye faili moja, kwa kuwa linaonesha kwa nini data zenyewe lazima ziwekwe wazi. Makala moja ya mwaka 2012 ilidai kwamba mtu akitia saini ya kiapo cha ukweli mwanzoni mwa fomu badala ya mwishoni husema ukweli zaidi, na mojawapo ya ushahidi wake ilikuwa taarifa za wateja wa bima walioripoti maili zilizosomwa kwenye magari yao. Mwaka 2020 waandishi wenyewe, pamoja na wengine, walichapisha majaribio yaliyoshindwa kuthibitisha dai hilo, na safari hii data za zamani zikawekwa hadharani. Waliozifungua waliona mambo ya ajabu. Maili ambazo magari yalidaiwa kuwa yametembea zilisambaa kwa usawa kutoka 0 hadi 50,000, kisha zikakatika ghafla, wakati katika maisha ya kweli wengi huendesha kwa kiasi na wachache huendesha sana. Usomaji wa kwanza wa mita ulikuwa umejaa tarakimu za mviringo, kama ilivyo kawaida mtu anapoandika kwa kukadiria, lakini usomaji wa pili haukuwa nazo. Zaidi ya hayo, tarakimu ziliandikwa kwa fonti mbili, Calibri na Cambria, takriban nusu kwa nusu, na mistari ya fonti moja ilikuwa na pacha wake katika fonti ya pili, wakipishana kwa maili zisizofika 1,000. Makala ilibatilishwa mwaka 2021. Kwa miaka tisa ilinukuliwa na kufundishwa, na kilichohitajika ili kuishuku kilikuwa ni faili la Excel na mtu wa kulitazama. Kuhusu hali ilivyo pale data zinapobaki mikononi mwa waandishi, Jelte Wicherts na wenzake waliomba data za makala 141 na mwaka 2006 wakaripoti kwamba asilimia 73 ya waandishi hawakuzitoa.

Njia ya kutoka ipo na imekwishajaribiwa. Kuanzia mwaka 2013, kwa msukumo wa Chris Chambers, jarida la Cortex lilianza kupokea utafiti ukiwa bado ni mpango: swali, nadharia tete (jibu ambalo mtafiti anatarajia), idadi ya washiriki na namna ya kuchambua huandikwa kwanza, hupitiwa na wataalamu, na mpango ukikubaliwa jarida huahidi kuchapisha matokeo, yawe yanafurahisha au yasiwe. Majarida mengi yamefuata. Mwaka 2021 Anne Scheel na wenzake walilinganisha makala za aina hiyo na makala za kawaida za saikolojia. Katika zile za kawaida, asilimia 96 ziliunga mkono nadharia tete yao ya kwanza. Katika zile zilizokubaliwa kabla ya matokeo, ni asilimia 44. Inawezekana kwamba sehemu ya tofauti hiyo inatokana na aina ya maswali yanayopelekwa kwa utaratibu huo mpya, lakini siamini kwamba kuna taaluma ambayo watu wake hubashiri sawasawa mara 96 kati ya 100.

Wapo wanaohofia kwamba utaratibu huu utaua ugunduzi. Haumkatazi mtafiti kuchunguza data zake kwa uhuru. Unamtaka aseme wazi ni lipi alilipanga na ni lipi alilikuta njiani. Wala usajili wa mpango, yaani kuuandikisha kabla ya kukusanya data, hautoshi kama hakuna anayelinganisha mpango na makala. Mwaka 2024 ilibatilishwa makala iliyoandikwa na wanamageuzi wenyewe, yaani watafiti wanaotetea taratibu hizi mpya, ikisifu taratibu zao, baada ya kubainika kwamba madai yake kuhusu kilichosajiliwa mapema hayakuwa sahihi. Jambo hilo lilinihuzunisha, na ndiyo maana naomba ukaguzi uwe sehemu ya bajeti na si hisani ya mtu mwenye muda wa ziada.

Kwa hiyo naomba Bodi itoe fedha kwa awamu, ahadi ya mwisho ikitolewa pale mpango kamili unapopita mapitio. Itenge fungu la kudumu kwa majaribio ya kurudia, hasa kwa watu ambao saikolojia imewaacha nje: mwaka 2008 Jeffrey Arnett alionesha kwamba katika majarida makuu aliyoyachambua asilimia 96 ya washiriki walitoka nchi zenye takriban asilimia 12 tu ya watu wote duniani. Izuie malipo ya mwisho mpaka data, zikiwa zimeondolewa utambulisho wa washiriki, ziwekwe kwenye hifadhi ya wazi. Na ifute kwenye fomu ya maombi kile kisanduku kinachouliza idadi ya makala, badala yake imtake mwombaji aeleze kazi zake tatu na namna kila moja ilivyopangwa.

Naomba pia rasimu ya vigezo vipya itolewe hadharani kabla ya kupitishwa, kwa muda wa kutosha ili watafiti vijana, ambao hawana viti katika kamati zako, waweze kuisoma na kuijibu kwa maandishi.

Wako katika kazi,

Mhadhiri wa mbinu za utafiti