Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2023

Wazee wetu, wamama, wababa na vijana wa chama cha familia za askari wa Force Publique, lile jeshi la Kongo ya Wabelgiji, hapa Bukavu, nawasalimu.

Shughuli za kawaida mnazijua: misa ya marehemu, kufyeka makaburi, vilio tulivyosaidia Kadutu na Bagira, maua ya tarehe 11 Novemba. Zote zilifanyika. Sirudii.

Nije kwenye jambo lililozua maneno tangu Juni, jiwe la kumbukumbu la yule askari wetu mmoja aliyetekwa Idjwi, kisiwa cha ziwa Kivu. Imesemwa hadi sokoni kwamba mwenyekiti amekula pesa za jiwe. Pesa hizo, dola 380, hazikuliwa. Mimi ndiye niliyemsimamisha fundi, na komite ikaunga mkono, wanne kwa wawili. Wale wawili waliona familia itaaibika. Niliwaelewa, ila sikukubaliana nao.

Maandishi aliyopewa fundi yalikuwa haya: "Alitekwa Idjwi 1914, akafia kifungoni Tabora 1916." Nusu ya kwanza haina shida. Tarehe 24 Septemba 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani wakiongozwa na afisa wao Wintgens walivuka ziwa kutoka upande wa Rwanda, wakatwaa kisiwa na kukamata askari waliokilinda. Hayo familia imesimuliana miaka yote na historia inayakubali. Tatizo ni nusu ya pili. Mjukuu wake alipotuletea lile kopo la maziwa ya unga lenye medali ya kampeni za Afrika 1914-1916, ilipita mkono kwa mkono, watu wakapiga picha, wakapiga vigelegele. Aliyevaa miwani na kusoma kibati chembamba kilichobanwa kwenye utepe ni mimi. Kimeandikwa MAHENGE. Sasa, Mahenge, mji uliokuwa wa Wajerumani huko Tanzania ya leo, ilitwaliwa tarehe 9 Oktoba 1917, na kibati kile walipewa walioshiriki kampeni ya mwaka huo. Aliyekufa Tabora 1916 angefikaje Mahenge?

Ama medali ni ya mtu mwingine wa ukoo, ama mzee wetu alikuwa bado hai kifungoni jeshi letu la Jenerali Tombeur, Mbelgiji, lilipoingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916, akafunguliwa, akashika bunduki tena. Mimi naelekea hili la pili, na likithibitika heshima yake inazidi. Lakini jiwe si daftari la shule, kwamba ukikosea unafuta.

Kuna waliouliza kwa nini tulipie utafiti wakati orodha za wafungwa za Msalaba Mwekundu wa Geneva ziko bure kwenye intaneti. Tulizitafuta humo, kwa tahajia zote tatu za jina lake, hatukumpata. Ndipo nikaamua tutoe dola 140 katika zile 380 kwa ajili ya nakala za nyaraka za kikoloni huko Brussels. Waliobaki na shaka, risiti iko kwa mtunza kasha, mbona hakuna aliyekwenda kuiomba? Jibu la Brussels limekuja: wanataka namba ya matrikule, yaani namba yake ya jeshini. Namba hiyo itakuwa kwenye kitabu chake cha askari, na kitabu kipo kwa tawi moja la familia ambalo halitaki kukionyesha, eti chama kitakiuza. Nimewatembelea kwa adabu zote, nimekunywa chai yao, nimerudi mikono mitupu.

Kuhusu kasha: wanachama walioandikishwa 63, waliomaliza michango 19, madeni yapata dola 500, na mchango wenyewe ni dola moja kwa mwezi. Mkutano wa Agosti tulikuwa watu wanane, watano wakiwa wa komite. Mvua haikunyesha siku ile. Lakini kilio kikitokea, simu ya mtunza kasha hailali. Na nisema wazi, waliopiga kelele zaidi kuhusu jiwe, wengi wao hawamo katika wale 19.

Mwakani, Mungu akipenda, tutaendelea na utafiti, tutawarekodi wazee wa Idjwi wangali na nguvu ya kusimulia, na tukipata wafadhili tutafikiria hata safari ya Tabora. Vijana wenye simu nzuri wajitokeze.

Dola 240 za jiwe bado zipo. Hoja ya maandishi itapigiwa kura mkutano wa Machi, na kwa kanuni zetu anayepiga kura ni aliyelipa. Mtunza kasha atakaa mlangoni na daftari kuanzia saa tatu asubuhi.