Usijikate dozi, mwanangu

Mwanangu Salim,

Assalam aleikum. Sisi huku Kisauni hatujambo. Dadako amejifungua salama, mtoto wa kike, na shangazi yako akusalimu sana. Mengine ya nyumbani utayasikia siku nikija kukuona. Kilichonishikisha kalamu ni ule ujumbe uliompa binamuyo, kwamba wataka kujikata dozi ya methadoni kabla ya kutoka, ili siku utakayovuka lango la Shimo la Tewa uwe huna kitu mwilini. Eti mwanamume hatoki jela akiwa bado ananyweshwa dawa kwa kikombe kama mtoto.

Sitaki ufanye hivyo. Na sisemi kama mama tu, nasema kama mtu aliyevaa sare ya unesi mpaka akastaafu nayo.

Methadoni, hiyo dawa unayonyweshwa badala ya ule unga wa heroini, hukaa mwilini zaidi ya siku nzima. Ndiyo maana kikombe kimoja cha asubuhi chakufikisha kesho, na ndiyo maana siku hizi huijui arosto, yale mateso ya mwili kukosa unga. Walikuanzisha chini, kwenye miligramu 20 au 30, wakapandisha polepole. Wengi hutulia kati ya 60 na 120. Kushuka nako kuna mwendo wake. Huchukua miezi, na huamuliwa wewe na daktari mkiwa mmeketi mkazungumza, si kwa hasira za selo. Ukiruka siku tatu mfululizo, dozi yapunguzwa. Ukizidisha siku hizo, waanza upya kama mgeni. Wenzako huiona hiyo ni adhabu, lakini sivyo: mwili umeshasahau, na kiwango ulichokuwa ukikinywa juzi chaweza kukuua leo.

Hilo la mwili kusahau ndilo linaloninyima usingizi. Wiki mbili za kwanza baada ya kutoka jela ndizo za hatari kuliko zote kwa mtu aliyekuwa akitumia unga. Tafiti za nchi mbalimbali zimekuta hivyo hivyo. Mtu atoka, aenda maskani, atumia kipimo kile kile alichokiacha siku aliyoshikwa, kete aliyokuwa akiimaliza bila wasiwasi. Mwili hauiwezi tena. Pumzi zapungua, midomo yageuka rangi, na wenzake wammwagia maji wakidhani kazidiwa tu na usingizi. Nikiwa zamu niliwahi kuletewa kijana wa namna hiyo, bado amevaa shati alilotoka nalo gerezani. Hatukumuwahi. Mamake alishika mkono wangu akirudia neno moja: lakini alikuwa ameshaacha. Na kweli alikuwa ameacha. Wala hakuwa na methadoni mwilini ya kumlinda, kwa sababu naye alitaka atoke mtupu.

Wewe waamini kwamba ukijikaza utapita mbele ya maskani bila kugeuza shingo. Huenda. Lakini nani alikwambia kujizuia ni lazima upite hapo?

Katika mafunzo fulani tulisimuliwa habari za wanajeshi wa Marekani waliokuwa Vietnam. Kule heroini ilipatikana kwa urahisi, na kati ya waliorudi kwao mwaka 1971, takriban mmoja katika kila watano alisema ilikuwa imemshika. Mtafiti Lee Robins aliwafuatilia hadi makwao, akakuta kwamba katika miezi ya mwanzo nyumbani walionaswa tena ni wachache mno. Watu hawakumwamini. Nami nilipoyasikia nilikufikiria wewe, kwa sababu kwako mambo ni kinyume. Wale waliuacha unga ng'ambo, pamoja na muuzaji wake na wenzao wa kuvuta nao. Wa kwako uko huku huku nyumbani, nyuma ya ukuta wetu, na wauzaji wajua jina lako.

Tena kukosa unga si kuacha unga. Wakumbuka mwishoni mwa mwaka 2010, ulipokauka Pwani? Mateja walikuwa wakigaagaa kwa arosto, wengine wakaletwa hospitalini, na majirani wakasema, haya, Mungu amewasafisha. Uliporudi sokoni, niliowajua mimi wengi walirudi nao. Jela yaweza kukuhadaa vivyo hivyo.

Watakuja wa kukuambia umebadilisha ulevi kwa ulevi. Huwasikia hata barazani. Waulize wamewahi kumuuguza nani.

Binamuyo asema pia wakwepa vikao vya ushauri nasaha kwa sababu yumo mtu hamwelewani. Kaa naye, baba. Kuketi saa nzima na mtu anayekukera bila kumrukia, hilo ndilo zoezi lenyewe. Tamaa ya unga nayo huja hivyo: hupanda, hukusumbua, kisha hushuka usipoitii. Na ugomvi mmoja waweza kukukatia siku katika ile thuluthi ya kifungo unayopunguziwa kwa kazi na mwenendo mwema, ambayo sisi huku tumeshaihesabu kuwa yako.

Halafu kile kikohozi sikukipenda. Wakikupima wakikuta TB, kabla ya kumeza kidonge cha kwanza mkumbushe daktari kwamba uko kwenye methadoni. Rifampisini, mojawapo ya dawa za TB, huiondoa methadoni mwilini upesi, ukashikwa na arosto na ilhali dozi yako wainywa kamili. Wengi hapo hudhani dawa imewageuka, wakaanza kutafuta bugizi, vile vidonge vya kulevya vya usingizi. Bugizi juu ya methadoni humlaza mtu asiamke. Dozi yaweza kupandishwa, mradi wewe useme. Usiugulie ndani kwa ndani ukiita huko ndiko kuvumilia.

Nimezungumza na watu wa kliniki hapa Kisauni. Mwombe nesi wa humo akuandikie barua ya uhamisho mapema, iwe na kiwango cha dozi na tarehe ya kikombe cha mwisho. Siku ya kutoka, kunywa dozi ya asubuhi humo humo kwanza. Mjombako atakuja na gari, usipande matatu peke yako, wala tarehe usiwaambie rafiki zako. Utakaa kwake Bamburi kwa muda, si hapa kwangu. Najua litakuuma hilo, utasema mamangu amenifungia mlango. Nitakuwa huko mapema kuliko wewe, na chakula nitapika mwenyewe, maana mke wa mjombako nazi haijui.

Ukishakaa huku nje ukapata kazi na usingizi, na bado wataka kushuka, nitakwenda nawe kwa daktari mimi mwenyewe. Kwa sasa niandikie haya tu: dozi yako imefika miligramu ngapi, na umeshaanza kuruka siku au bado ni maneno. Usinifiche, kwa sababu nesi nitamwuliza pia.

Mamako